Msosi wa kruzi ya Ghuba: bafe kawaida, mezani ndo penyewe

Kruzi, yaani safari ya meli ya kitalii, tulipandia Dubai tukapita Doha na Abu Dhabi, na aisee kwenye hizi meli watu wanakula jamani. Bafe la juu lina kila kitu, biriani, pasta, dengu, mayai unakaangiwa hapohapo, ila asubuhi saa tatu ni vurugu tupu, watu na sahani mkononi wanagombania meza utadhani daladala za jioni, na wali mara nyingi umeshapoa. Mi nashauri kaleni restoranti kubwa ya chini, imo kwenye bei uliyolipa, unakaa unaletewa, na ukitaka samaki wa pili hakuna anayekuuliza. Yule kondoo wa usiku wa kupendeza, ule wa kuvaa nguo rasmi, lo! Mnaokula halali ulizeni mapema, maana nguruwe yupo na si kila nyama imechinjwa kihalali. Kilichoniudhi ni vinywaji, maji na chai ya bafe bure lakini soda unalipia, tena wanabandika na hela ya huduma juu yake. Stekihausi, mgahawa wa steki wa kulipia, nayo nyama ngumu, sirudi. Watoto nao walihamia kwenye aiskrimu karibu na bwawa.