Miezi minne na kadi za wanyama waliotoweka: uzoefu wangu

Shangazi yake ndiye aliyemletea binti yangu pakiti hii kutoka Uingereza, na tangu hapo jioni haipiti bila kucheza walau raundi mbili. Kadi ni 30, zote za wanyama waliotoweka ndani ya miaka 500 iliyopita. Kila kadi ina urefu, uzito, mbio, nguvu ya kupigana na mwaka wa kutoweka. Unataja kipengele kimoja, mwenye namba kubwa anakula. Mtoto anayesoma namba anauelewa mchezo papo hapo.

Kwa uzito, hakuna anayemgusa nguva wa Steller: tani 8, urefu mita 8. Siku ya kwanza kumpata, binti yangu aliibamiza kadi mezani akanila mara tatu mfululizo. Mimi ni mtu wa Kilwa, nguva wetu namjua. Ni jamaa wa huyu, ila wetu ni wa mita 3 hivi. Nikamweleza kwamba yule mkubwa aliishi kwenye baridi ya Bahari ya Bering, kule kaskazini kati ya Urusi na Alaska, akila mwani taratibu. Georg Steller, mtaalamu wa viumbe kutoka Ujerumani, alimwona mwaka 1741. Wawindaji wa ngozi waliopita visiwa vya huko wakamgeuza kitoweo, na kufikia 1768 alikuwa amekwisha. Binti akapiga hesabu: miaka 27. Akaniuliza, "Baba, na wa kwetu?" Nikamwambia ukweli: wamebaki wachache, kati ya Rufiji na Kilwa, na nyavu za jarife bado zinawanasa.

Kinachoniudhi ni hiyo nguvu ya kupigana. Dodo, yule ndege asiyeruka, kapewa 2 kati ya 10, kana kwamba alishindwa vita. Kule Mauritius hakuwa na adui hadi mabaharia walipofika na nguruwe, panya na nyani, wakayala mayai aliyotaga chini. Kadi haisemi lolote kuhusu hilo. Chui milia wa Tasmania, kisiwa cha Australia, naye kaandikiwa 1936 basi, wakati serikali ya kule iliwahi kulipa watu pauni moja kwa kila kichwa chake. Tumeanza kuandika sababu wenyewe kwa kalamu, chini ya picha, maana nyuma ukiandika mwenzako anaijua kadi yako.

Picha ni nzuri mno. Milia ya kwaga, jamaa wa punda milia, inavyofifia kuelekea nyuma ya mwili imechorwa vizuri kabisa. Karatasi ni ngumu, ingawa pembe zimeanza kuvimba kwa unyevu wa huku Pwani. Maandishi ni Kiingereza kitupu, hivyo mtoto mdogo atahitaji wa kumsomea.

Ningeinunua tena leo hii. Wiki iliyopita binti alikata boksi la viatu akatengeneza kadi ya 31: nguva wa kwetu. Mwaka wa kutoweka kaacha wazi, na kaweka sheria kwamba ukitaja kipengele hicho, kadi ile hailiwi.