Vanishi ya mafuta kwenye reli ya ngazi: nzuri, lakini usiamini saa za kopo

Kwa reli ya ngazi ya ndani, inayoshikwa kutwa kucha, vanishi ya mafuta aina ya poliyurithani juu ya steini ya mafuta (rangi inayonywewa na mbao) inastahili nyota nne kati ya tano. Inavumilia jasho na kupanguswa kuliko laka ya kupuliza, ambayo mafundi huipenda kwa sababu inakauka upesi. Nyota ya tano imepotea hapo hapo kwenye kukauka.

Muda ulioandikwa kwenye kopo ni wa hewa kavu kiasi. Mvua za Aprili na Mei zikishika Kisumu, hewa huwa nzito, na mkono (tabaka) wa pili ukiwahishwa, wa kwanza hubaki laini chini yake kama maziwa yaliyofunikwa na utando. Jaribu kwa msasa namba 220 mahali pasipoonekana: ukitoa unga mweupe, endelea, ukinata, ngoja kesho. Paka asubuhi. Jioni taa zikiwashwa, vijidudu vya ziwani huingia kwa wingi na kunasa kwenye vanishi mbichi, na hapo hakuna dawa ila kusugua upya. Nakuru adui ni vumbi. Lowesha sakafu kabla ya kufungua kopo.

Lakini kazi nyingi huharibika kabla vanishi haijaguswa. Reli nzee imejaa mafuta ya viganja. Ioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, ikauke, ipanguse kwa tapentaini, ndipo uanze msasa: namba 80 kutoa vanishi ya zamani, 120, umalizie 150. Ukianza na msasa, unayasukuma mafuta ndani ya mbao, na steini itakataa palepale vidole vinaposhika. Wala usilainishe kupita 180, maana mbao iliyolainika mno hainywi rangi.

Steini ipakwe kwa kitambaa kufuata nyuzi za mbao, ikae dakika 5 hadi 10, kisha ifutwe yote iliyobaki juu. Ile inayoachwa haikauki vizuri, na vanishi hubanduka nayo. Saiprasi hutoka mabaka. Ipitishe kwanza vanishi iliyochanganywa nusu kwa nusu na tapentaini, ikauke, uisugue kidogo. Mvule hauhitaji steini kabisa, rangi yake inatosha. Ila una mafuta yake yanayochelewesha vanishi, hivyo upanguse kwa tina (kiyeyusho cha rangi) na upake mara tina ikishakauka.

Reli ya mita 4 yenye vijinguzo 25 (vijiti vya wima chini yake) ni kama mita za mraba 4.5. Mikono mitatu ni 13.5, na lita 1 hufunika 10 hadi 12, kwa hiyo nunua lita 1 na nusu. Steini nusu lita yatosha. Mkono wa kwanza uzimuliwe asilimia 10 kwa tapentaini, si tina ya laka, ambayo huyeyusha steini upya. Koroga, usitikise, la sivyo mapovu yatakauka yakionekana. Baada ya dakika 10 pitisha jicho chini ya reli na kwenye shingo za vijinguzo, ndiko michirizi hujikusanya.

Vitambaa vya steini visirundikwe kwenye ndoo: mafuta yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje, kimoja kimoja, hadi vikakamae.