Stadi ndogo zilizochomelewa: uzipinde au uzikaze?

Stadi ni kijiti cha chuma kinachochomelewa kwa ncha juu ya bamba, na kuna njia mbili za kujaribu kama imeshika: kuipinda au kuikaza. Kupinda ni rahisi: nyundo, au kipande cha bomba kinachovikwa stadi, basi. Kanuni ya Marekani ya kuchomelea chuma cha ujenzi, AWS D1.1, inataka stadi ipinde kwa pembe ya kama digrii 30 bila weldingi kukatika. Uzuri wake ni kwamba kosa halijifichi. Stadi ikikatika kwenye shina, au iking'oka na kipande cha bamba, weldingi imeshinda chuma chenyewe. Ikibanduka safi na kuacha doa lenye vitundu, haikushika. Angalia umeme, muda, na uchafu wa bamba kabla ya kuchomelea nyingine. Ila nyuzi (mizunguko ya kufungia nati) za stadi iliyopinda haziaminiki tena.

Kukaza kunafaa stadi zenye nyuzi tu. Unavika kola (kipande cha bomba kifupi) na washa, unafunga nati, kisha unakaza kwa spana ya toki, yaani inayopima nguvu ya kuzungusha, hadi kipimo kilichowekwa. Nati huvuta stadi juu, na ikihimili inabaki kazini. Jihadhari na mafuta: nyuzi zikiteleza, toki ileile huvuta kwa nguvu zaidi.

Mimi hupinda kwenye bamba la majaribio ninapotegesha mashine, na hukaza kwenye kazi halisi.