Pikipiki ya spoti ya mtumba inayumba: ununue nini kwanza

Kwenye pikipiki iliyotumika kila mtu husikiliza injini. Muuzaji anapiga stata, inanguruma vizuri, mnapeana mikono. Shida unakutana nayo baadaye barabarani: kwenye kona inagoma kulala, au inalala ghafla kuliko ulivyotaka, spidi ikipanda usukani unaanza kucheza, ukishika breki ya mbele inazama mpaka chini na kitu kinagonga. Hapo ndipo wengi huanza kutafuta mtandaoni shokapu ya rangi ya dhahabu.

Nimepanga vitu hivi kwa kuangalia jambo moja tu, yaani kila shilingi unayotoa inakurudishia nini barabarani. Ndiyo maana vya bei rahisi viko juu, na vinavyopendeza kwenye picha viko chini. Mfano wangu ni Suzuki SV650, ile ya mitungi miwili iliyoanza kuuzwa 1999 na ikaacha kabureta ikaingia kwenye injeksheni 2003. Injini na fremu yake ni nzuri sana, ila kwenye shokapu Suzuki walibana matumizi, na magonjwa yake yanajulikana kila inakouzwa. Mwenye Honda CBR600 au Suzuki GSX-R anaweza kufuata mpangilio huuhuu. Yeye ana shokapu bora tangu kiwandani, kwa hiyo huenda pesa zake zisifike mbali kwenye orodha.

Kabla ya kununua chochote

Jaza upepo. SV650 inataka psi 33 mbele na 36 nyuma, tairi zikiwa baridi. Geji za vituo vya mafuta nyingi husema uongo, kwa hiyo nunua yako ndogo. Pikipiki iliyokaa stoo miezi mingi huwa na psi 20 na kidogo, na hiyo peke yake inatosha kuifanya iwe nzito kukata kona.

Kisha pima inavyozama ukikaa juu yake. Mwambie mwenzako anyanyue mbele mpaka shokapu ifunguke yote, apime kutoka sili (raba inayozuia mafuta yasivuje) mpaka ukingo wa chini wa kishikio cha chini kinachobana mabomba ya shokapu. Ishusheni chini, panda na nguo zako zote za safari, kaa mkao wako wa kuendesha, apime tena. Tofauti ikiwa milimita 30 mpaka 35, uko sawa kwa barabara. SV nyingi zikikaliwa na mtu mzima wa kilo 85 huzama zaidi ya hapo, na ukishika breki hakuna nafasi iliyobaki ya kumeza shimo. Nyuma lenga kama milimita 30 pia. Ikizidi, kaza ile ringi ya vidato kwenye shokapu. Andika namba hizo mahali, maana ndizo zitakazokuambia kama unahitaji springi au hauhitaji.

1. Tairi

Hakuna kitu unachoweza kununua kitakachobadilisha pikipiki ya mtumba kama jozi ya tairi mpya, na watu hukichukia kwa sababu tairi la zamani "bado lina meno". Meno siyo hoja. Tafuta ubavuni namba nne zilizo mwisho wa maandishi ya DOT: 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Raba ya umri huo imeshakuwa ngumu, hata kama vinyweleo vya kiwandani bado vinaonekana.

Angalia pia umbo. Tairi iliyosafiri sana barabara kuu zilizonyooka huliwa katikati ikawa bapa. Ukianza kuilaza inakaa wima kwa ukaidi, halafu inavuka ule ukingo na kuanguka ndani ya kona kwa mkupuo. Mwenye pikipiki husema shokapu mbovu, kumbe ni tairi.

Kwa SV kuna mtego wa saizi. Mbele, SV za mwanzo zilitoka na 120/60-17 (upana milimita 120, kimo asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 17), na dukani utapewa 120/70-17 kwa sababu ndiyo inayopatikana kirahisi. Inaingia, lakini mbele inapanda kama milimita 12 na usukani unakuwa mzito kidogo kugeuka. Siyo dhambi; wengi wanaitumia na kuipenda. Ila uijue, na kama hukuipenda, legeza vishikio na upandishe mabomba ya shokapu juu kidogo, yote mawili sawasawa. Nyuma ni 160/60-17. Usishawishike kuweka ya upana wa 180 ili ionekane nene, kwa sababu rimu ya inchi 4.5 inaibana, umbo lake linaharibika, na kona inakuwa ngumu kuliko mwanzo.

2. Beringi za shingo ya usukani na za mkono unaoshika tairi la nyuma

Hii ni pesa ndogo yenye majibu makubwa. Weka jeki chini ya injini mpaka tairi la mbele lielee. Shika usukani kwa kidole kimoja, uuzungushe polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukifika katikati ukahisi unakwama kidogo kama umeingia kwenye kidato, gololi zimeshachimba mashimo kwenye vikombe vyake. Pikipiki ya hivyo haiwezi kwenda moja kwa moja, kila sekunde inatafuta njia. Sasa shika miguu ya shokapu, vuta na sukuma. Ikigonga, nati ya shingo imelegea au beringi imekwisha. Badilisha uweke za roli zenye mteremko. Seti nzima huwa kama dola 50, na zikikazwa inavyotakiwa zinadumu kuliko gololi. Zikikazwa kupita kiasi dalili inarudi ileile ya kuyumba, hivyo simama pale fundi anapokaza.

Nyuma, adui ni mashine ya kuoshea ya presha. Viungo vinavyounganisha shokapu na mkono wa tairi vina beringi ndogo za sindano, na maji ya presha huingia humo yakaondoa grisi. Ukivifungua kwenye pikipiki ya miaka kumi utakuta unga mwekundu wa kutu na sindano zilizogandana. Shokapu ya dola elfu iliyofungwa juu ya viungo vilivyoganda haifanyi kazi yoyote. Kama bado havijachimbika, osha kwa dizeli, kausha, jaza grisi, rudisha.

Mkiwa huko huko, piga uzi kutoka tairi la nyuma mpaka la mbele kuona kama yako mstari mmoja. Alama za kukazia cheni si za kuaminika.

3. Mafuta na sili za shokapu za mbele

Kama hakuna anayejua mara ya mwisho yamebadilishwa lini, badilisha. Yanayotoka huwa meusi na yana harufu ya samaki aliyeoza. Mafundi wengi wa bodaboda watakuambia weka oili ya injini, ni ileile. Siyo ileile. Oili ya injini ni nzito mno kwa kazi hii, shokapu inakuwa ngumu kwenye matuta na inachelewa kurudi. Nunua mafuta ya shokapu, anza na 10W (hiyo ni namba ya uzito wa mafuta), na pima urefu wa mafuta ndani ya kila bomba badala ya kumimina kwa macho. Namba ya W hailingani kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo ukishapata yanayokufaa, baki nayo.

Bomba likiwa na mashimo ya kutu mahali sili inapopita, sili mpya haitamaliza wiki. Lisugue kwa msasa wa maji kama ni kidogo. Kama ni kubwa, tafuta bomba lingine.

4. Springi za mbele

Hapa ndipo SV inakuwa pikipiki nyingine. Springi za kiwandani ziko karibu na kilo 0.7 kwa milimita, yaani kilo 0.7 huibana milimita moja; ni za mtu mwepesi. Mwenye kilo 75 huanzia 0.85, mwenye 90 huenda 0.90 mpaka 0.95. Race Tech na Sonic Springs za Marekani wanazo za nguvu moja mwanzo hadi mwisho. Hyperpro za Uholanzi zinaanza laini na kukaza kadiri zinavyobanwa. Mimi nachagua za nguvu moja, kwa sababu mzamo wake unatabirika kwenye breki. Jozi huwa kati ya dola 100 na 150, nyepesi kusafirishwa, na fundi anayeweza kubadilisha mafuta anaweza kuzifunga.

5. Shokapu ya nyuma

Ya kiwandani ina marekebisho ya springi tu, na baada ya kilomita elfu 30 hivi mafuta yake yamechoka: ukipita tuta inadunda zaidi ya mara moja kabla ya kutulia. Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni shokapu ya mtumba kutoka GSX-R. Inavutia kwa bei na ina skrubu za kurekebisha kasi ya kubana na ya kurudi. Lakini pima urefu kutoka tundu hadi tundu kabla ya kulipa, na hakikisha kichupa chake cha gesi kina pa kukaa. Milimita 5 za ziada kwenye shokapu zinakuwa zaidi ya 10 kwenye tairi, na nyuma ikipanda usukani unakuwa mwepesi, ukizidisha unakuwa wa wasiwasi. Nguvu ya springi nayo ilipimwa kwa viungo vya pikipiki nyingine. Zaidi ya yote, unanunua kitu kilichochoka kuziba kitu kilichochoka.

Ya pili, na ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi: mpya ya bei ya kati, kama Hagon ya Uingereza au YSS ya Thailand. Unapoagiza wape uzito wako halisi, na kama unabeba abiria kila siku waambie. Hagon huweka springi kulingana na uzito wa mpandaji, na hilo lina thamani kuliko skrubu nyingi usizojua kuzigusa.

Ya tatu ni Öhlins, K-Tech au Nitron. Ni nzuri kweli, na bei hufika au kupita dola 1,000. Swali la kumuuliza muuzaji ni nani ataifungua ikichoka. Shokapu hizi hujazwa gesi ya nitrojeni kwa presha, zinataka vifaa na mtu aliyefunzwa. Kama jibu ni kuituma nje, jumlisha nauli na ushuru kwenye bei kabla hujaamua.

6. Vali za ndani za mbele

Shokapu za mbele za SV ni za aina ya zamani, mafuta yanapita kwenye matundu yasiyobadilika: tuta kali yanakwama, wimbi la polepole yanapita bure. Race Tech wana Gold Valve Emulator inayokaa juu ya fimbo ya ndani na kurekebisha hilo, kwa takriban dola 200. Inahitaji kutoboa fimbo kwa drili, na kazi hiyo haina kurudi nyuma. Ifanye pamoja na springi kama una fundi makini. Bila fundi huyo, springi peke yake zimeshakupa sehemu kubwa ya faida.

7. Kizuia mtikisiko cha usukani, na kubadilisha mbele yote

Kufunga mbele nzima ya GSX-R kwenye SV kunawezekana, na wengi wamefanya. Utanunua shokapu, vishikio, rimu, diski, kalipa na pengine spidomita nyingine, halafu uanze kutafuta urefu upya. Kwa barabarani, fedha hiyo inatosha kufanya namba 1 mpaka 5.

Kizuia mtikisiko nimekiweka mwisho kwa sababu kinaficha ugonjwa. Usukani wa SV iliyo na tairi nzima na shingo nzima hautikisiki kwenye spidi za kawaida. Muuzaji akikusifia kuwa pikipiki yake "tayari ina dampa ya usukani", kilegeze mpaka mwisho kabla ya kuijaribu, kisha angalia vizuizi vya kugeuza usukani kwenye fremu kama vimebonyea au rangi yake imepasuka. Vikiwa hivyo, ilishawahi kuangushwa, na bei inabidi ishuke au utafute nyingine.