Hemingway Short Story ya Arturo Fuente: fupi, ya wastani, na haitaki haraka

Sigaa nyingi zinazouzwa kwa jina la "nguvu ya wastani" ni nyepesi zilizotiwa pilipili kidogo, au ni kali zilizopunguzwa makali. Short Story, sigaa ya safu ya Hemingway kutoka kampuni ya Arturo Fuente, si ya kundi hilo. Wastani wake umetokana na jinsi ilivyojengwa: jani gani limefunika, umbo gani limechaguliwa, na moto unapita wapi kwanza. Ndiyo maana mvutaji asiyeijua huilaumu kwa makosa yake mwenyewe, hasa katika dakika tano za mwanzo.

Tuanze na vipimo. Urefu ni inchi 4, sentimita 10 na kidogo. Unene ni pete 49, na kwa kuwa pete moja ni sehemu moja ya 64 ya inchi, pale ilipojaa zaidi inafika milimita 19 na nusu hivi. Imechongoka ncha zote mbili: mguuni, upande wa kuwashia, inaanza na kitundu chembamba, inanenepa ghafla, kisha inapungua taratibu hadi kichwani. Umbo hili huitwa perfecto, na viwanda vingi vilikuwa vimeshalipa kisogo Carlos Fuente mkubwa alipotoa safu ya Hemingway mwaka 1983 katika kiwanda cha familia mjini Santiago, Jamhuri ya Dominika. Kampuni yenyewe ni ya 1912, ilianzia West Tampa, Florida. Tatizo la perfecto halikuwa ladha, lilikuwa kazi. Kusokota sigaa iliyonyooka mtu hujifunza kwa muda wa kueleweka. Hii inataka jani la nje litanuke tumboni na kujikunja nchani bila kuacha mkunjo wala kuchanika. Hukabidhiwa wasokotaji wenye mkono uliokomaa.

Majani ya ndani na lile la kufungia, linaloyashika pamoja chini ya jani la nje, ni ya Dominika. La nje ni la Kameruni, na hapo ndipo penye habari. Hulimwa mashariki ya nchi hiyo, kuelekea mpaka wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, kutokana na mbegu yenye asili ya Sumatra, na familia ya Meerapfel ndiyo inayojulikana zaidi kwa kulilima na kulisafirisha. Mawingu ya huko yanatosha kuwa kivuli, kwa hiyo mashamba hayatandazwi vitambaa juu kama yale ya Connecticut, Marekani. Jani linalotoka ni jembamba, la kahawia isiyoiva sana, lenye mafuta ndani yake. Lipitishie kidole taratibu: utahisi vipele vidogo mno, kama ngozi ya mtu aliyepatwa na baridi. Hivyo vipele vina kazi. Sigaa ikishaungua sentimita mbili, tazama majivu kwa karibu, utaona nukta nyeupe zimejitokeza juu ya kijivu, kila moja mahali palipokuwa na kipele. Ukiambiwa jani ni la Kameruni na majivu yako hayana hata nukta moja, una haki ya kumuuliza muuzaji maswali.

Ubaya wa jani hilo ni ule ule wa wembamba wake. Hupasuka kwa kubanwa, kwa kukauka, na zaidi kwa kutolewa penye unyevu kupelekwa penye ukavu, au kinyume chake, bila kupewa nafasi ya kuzoea.

Ukataji wake si wa sigaa ya kawaida. Kichwa kimechongoka, kwa hiyo kila milimita unayoshuka inapanua tundu kuliko unavyodhani. Milimita 2 zinatosha. Tumia kikatio kilicho kikali, kata mara moja kwa mkono usiosita, kisha vuta hewa kabla hujawasha. Ikibana, ongeza milimita 1. Ukishuka hadi pale kofia ya kichwa, kile kipande cha jani kinachofunika ncha, inapoishia umekwisha, jani litaanza kufunguka midomoni na utavuta sigaa nzima ukilishikilia kwa ulimi. Kile kikatio cha kutoboa tundu la duara kiache nyumbani. Kichwa hiki ni chembamba mno kwake.

Sasa mguu. Watu wengi hukosea hapa. Wakiona kitundu ni chembamba na mvuto ni mzito, wanakata mguu nao ili "uvute vizuri". Ukifanya hivyo umetupa sehemu iliyolipiwa ufundi. Pale nchani majani ya ndani ni machache, kinachoungua karibu chote ni jani la nje na la kufungia, kwa hiyo mivuto ya kwanza inakupa Kameruni yenyewe bila msaidizi: utamu wa sukari guru, kungumanga, pilipili manga kidogo puani. Mvuto lazima uwe mzito hapo, kwa kuwa njia ya hewa ni nyembamba. Subiri. Moto ukifika tumboni, baada ya sentimita moja hivi, njia inafunguka yenyewe na moshi unakuja kwa wingi. Kama bado imebana hata baada ya tumbo kuwaka, hapo ndipo ujue imesokotwa vibaya, na dawa ni kijiti chembamba cha kutobolea kupitia kichwani, si kisu mguuni.

Kwa kuwa ncha ni ndogo, njiti moja ndefu ya kibiriti inaiwasha. Acha kwanza kichwa cha kibiriti kiungue hadi harufu ya salfa iishe. Kiberiti cha gesi chenye mwali wa buluu kinafaa, lakini kiweke mbali, maana mwali huo unaunguza bega la sigaa, pale inapoanza kunenepa, kabla ncha haijashika, na bega lililoungua hukupa uchungu ambao hautatoka tena. Mshumaa na kiberiti cha mafuta havifai, vinaacha harufu.

Mwendo ni mvuto mmoja kila dakika moja, na ukichelewa sekunde chache huna hasara. Sigaa fupi haina masafa ya kupoza moshi. Katika ndefu ya inchi 7, joto la moto linapungua njiani kabla ya kufika mdomoni. Hapa kuna sentimita 10 tu na zinapungua. Anayevuta kila nusu dakika atasema Short Story ni chungu na kali, naye hasemi uongo, ila ni yeye aliyeipika. Ikipata moto kupita kiasi, iweke kwenye kisahani dakika moja na nusu, kisha puliza taratibu kutoka kichwani kwenda nje kabla ya kuvuta tena, ule moshi mzito uliokwama utatoka.

Ikivutwa kwa mwendo wake, tumboni ladha inageuka. Utamu unabaki, lakini sasa kuna mbao ya mwerezi, korosho zilizokaangwa bila chumvi, na kahawa isiyokolea. Ni ulaini unaojaa mdomo bila kukaba koo. Pitisha moshi kidogo puani, robo tu ya ulio mdomoni, na kungumanga inarudi waziwazi. Wengi hawajaribu hatua hii kwa kuogopa kuwashwa, ilhali nusu ya kinachoifanya sigaa hii isifiwe kinapatikana puani. Sehemu ya mwisho ni ya ngozi, kahawa chungu na pilipili iliyopanda. Ikibaki sentimita 2 na nusu hadi 3, iache. Haina haja ya kuzimwa kwa kusagwa, iweke tu, itazima yenyewe na haitanuka sana. Jumla ni dakika 35 hadi 45.

Kuhusu nguvu, tofautisha nikotini na ladha. Short Story ina ladha iliyojaa kuliko nikotini yake. Aliyezoea sigaa nyepesi za jani la Connecticut ataihisi, na asiyezoea chochote asiivute kabla ya kula. Kizunguzungu na jasho jembamba vikija, weka chini, kaa, kunywa maji, lamba sukari. Moshi haumezwi mapafuni. Lakini hilo halifanyi sigaa kuwa salama: nikotini hupenya kwenye ngozi ya mdomo, na saratani za mdomo na koo zinawapata wavutaji wa sigaa pia. Anayeivuta mara moja moja kwa kuionja na anayeivuta kila jioni hawako kwenye hatari moja, ingawa hakuna kati yao aliye nje ya hatari.

Kasoro za kutarajia ni mbili. Kwanza, kuungua upande mmoja, hasa pale moto unapotoka nchani kwenda tumboni. Usikimbilie kiberiti. Geuza upande unaochelewa uangalie chini, maana moto unahitaji hewa kutoka huko, na mara nyingi hujisawazisha ndani ya mivuto mitatu au minne. Gusa kwa mwali pale tu pengo linapozidi nusu sentimita. Pili, kupasuka kwa jani la nje karibu na kichwa, ambako karibu kila mara kumetokana na uhifadhi. Mpasuko mdogo unazibwa kwa kuulowesha kwa ncha ya kidole. Mkubwa hauna dawa.

Na uhifadhi ndio unaoamua kama utaipata sigaa tunayoieleza hapa au kitu kingine kabisa. Pwani yetu, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, hewa ina unyevu mwingi kuliko sigaa inavyohitaji: ikiachwa wazi inavimba, inabana, inazimika ovyo, na ukungu unafuata. Dubai na Muscat ndani ya kiyoyozi ni kinyume chake, inakauka na kupasuka. Hakuna haja ya sanduku la mbao la gharama. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana hewa, na pakiti ya kudhibiti unyevu ya asilimia 65, gramu 60 kwa kila sigaa 25, kinafanya kazi hiyo vizuri kuliko masanduku mengi yanayong'aa. Asilimia 69 inayopendekezwa kwa sigaa nyingine ni nyingi kwa jani la Kameruni. 65 inalifanya liungue kwa utulivu. Joto likipita nyuzi 24 kwa muda, mayai ya dudu wa tumbaku yanaweza kuanguliwa, na huko pwani nyuzi 24 ni usiku wa baridi. Zilizotoka dukani usilolijua zifunge ndani ya mifuko miwili isiyopitisha hewa, friji siku moja, friza siku tatu, friji tena siku moja, kisha chumbani. Usiruke hatua ya friji, mabadiliko ya ghafla ndiyo yanayopasua jani.

Dukani, kabla ya kulipa, tafuta vitundu vya saizi ya pini kwenye jani. Hivyo ni vya dudu. Bonyeza kidogo tumboni: irudi taratibu, isitoe sauti ya kukauka wala isiwe tepetepe. Angalia kama kabati la kioo lina kipima unyevu kinachofanya kazi. Baadhi ya kaunta za hoteli zinaweka sigaa kwenye kioo chenye taa ya joto ndani, na hapo hata Short Story halisi imeshakufa. Kwa masanduku, hii hufungwa 25.

Kinywaji chake ni kahawa chungu, lakini isiwe na tangawizi wala iliki, kwa sababu viungo hivyo vinafunika kungumanga ya jani na unabaki unavuta joto tupu. Chai ya rangi isiyokolea inafaa. Maji baridi kando ni lazima.

Anayeipenda na kutaka muda mrefu achukue Signature ya safu hii hii, inchi 6 kwa pete 47: moshi ni baridi zaidi na mabadiliko ya ladha yanachukua nafasi, ila ule mshangao wa ncha unapotea katika urefu. Best Seller, inchi 4 na nusu kwa pete 55, ina majani mengi ya ndani, kwa hiyo Kameruni haisikiki kwa uwazi huo. Don Carlos ya kampuni hiyo hiyo inavaa jani la Kameruni pia na imeshiba kidogo zaidi. OpusX ni habari nyingine, kali, ya jani la nje la Dominika, na asiichukue mtu akidhani ni ngazi inayofuata baada ya hii. Kwa anayenunua sigaa ya kwanza ya daraja hili, achukue Short Story mbili, moja aivute ndani ya wiki, ya pili ailaze miezi sita kwenye asilimia 65: pilipili ya mwanzo itakuwa imetulia na mwerezi utakuwa umekaa mbele.