Power BI Desktop kwa takwimu za mwaloni: inapofaa na inapokwamisha

Karibuni watazamaji. Leo tuna Power BI Desktop, programu ya Microsoft ya kutengenezea dashibodi, yaani ukurasa wa chati na namba za kutazamwa kwa pamoja, na tunaipima kwa kazi moja tu: takwimu za dagaa na migebuka wanaoshushwa mwaloni hapa Kigoma. Jedwali letu ni la mfano, la Excel, lina kolamu tano: mwalo, tarehe, aina ya samaki, kilo na bei. Ukiimudu hii, mahindi ya Kasulu na chumvi ya Uvinza hayatakusumbua.

Tuanze na mfuko. Kuipakua ni bure, ila faili lenyewe ni zito, mamia ya megabaiti, na toleo jipya hutoka karibu kila mwezi. Usimalize bando kukimbizana na matoleo. Inakaa kwenye Windows peke yake. Ukiwa na RAM ya GB 4 itafunguka lakini utasubiri sana. GB 8 ndiyo ya kufanyia kazi. Sasa, ukitaka wenzako waione mtandaoni bila watu baki kuiona, ya bure inaishia hapo. Leseni ya Pro ni dola 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi tangu Aprili 2025, tena Gmail haipokelewi. Wanataka barua pepe ya kazini au ya chuo. Ipo njia ya kuchapisha bure kwa umma, lakini yeyote mwenye kiungo anaona kila kitu, kwa hiyo majina na namba za simu za wavuvi zisiingie humo kabisa.

Haya, tuje kwenye tarehe, maana hapa ndipo dashibodi nyingi zinaharibikia kabla hata chati ya kwanza haijachorwa. Ukiingiza faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, programu inakisia yenyewe kila kolamu ina nini, na kompyuta nyingi zina mpangilio wa Marekani, mwezi unatangulia siku. Basi 03/04/2025, ambayo kwetu ni tarehe 3 Aprili, inasomwa 4 Machi. Ikifika 25/04/2025 inaandika Error, kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Watu wengi wanazifuta hizo Error na kusonga mbele. Angalieni kilichotokea: siku za kuanzia 13 zimepotea zote, na za 1 hadi 12 karibu zote zimehamia miezi mingine kimya kimya. Chati inapendeza, lakini ni ya uongo.

Dawa yake ni hii. Ingia Power Query, sehemu ya kusafishia data humo humo ndani ya Power BI; upande wa kulia kuna orodha ya hatua, futa ile iliyoandikwa Changed Type. Bofya kichwa cha kolamu ya tarehe kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda Change Type, kisha Using Locale, chagua Date na Kiingereza cha Uingereza. Halafu hesabu mistari: kama jedwali lilikuwa na mistari 900, ibaki 900.

Shida ya pili ni jedwali lililopangwa kwa ajili ya macho ya mtu, Januari hadi Desemba zimelala kama kolamu kumi na mbili. Power BI inataka mwezi uwe kolamu moja na kilo kolamu moja. Chagua kolamu ya mwalo na ya aina ya samaki, bofya Unpivot Other Columns, sekunde mbili umemaliza. Hapo programu hii inaishinda Excel ya kawaida mbali sana, nasema kwa dhati.

Lakini miezi ya Kiswahili ikishaingia kwenye chati, inapangwa kwa alfabeti: Agosti, Aprili, Desemba, Februari. Ongeza kolamu ya namba ya mwezi, 1 hadi 12, kisha bofya kolamu ya jina, chagua Sort by column, uioneshe ile ya namba. Ni kazi ya dakika moja, lakini mkuu wako akiona mwaka unaanza Agosti hatasoma tena kitu kingine.

Sasa jambo ambalo programu yoyote haitakuambia. Kila mtu anapenda vile vishale, chekundu mavuno yameshuka, kijani yamepanda, wiki hii dhidi ya wiki iliyopita. Kwa dagaa wa Ziwa Tanganyika msifanye hivyo. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikijaa, taa hazivuti samaki na boti nyingi zinalala ufukweni. Kwa hiyo dashibodi yako italia hatari kila mwezi mpevu, na hakuna hatari yoyote. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu hivi, hauendi na Januari wala Februari. Chukua kalenda ya Kiislamu, ile inayobandikwa ukutani nyumba nyingi za Ujiji, ongeza kolamu ya mwandamo, na ulinganishe mwandamo na mwandamo, giza na giza. Vishale vitatulia, na kile kitakachobaki chekundu kitastahili kuulizwa.

Hivyo hivyo mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ukitumia chati ya mstari yenye mhimili wa tarehe unaoendelea, programu inaunganisha Mei na Agosti kwa mstari ulionyooka, kana kwamba samaki walishushwa muda wote. Ukijaza sifuri, inaonekana ziwa limekauka. Tumia chati ya nguzo, acha pengo lionekane, na andika juu yake "ziwa limefungwa".

Ramani? Usiiachie programu itafute mahali kwa jina, ipe latitudo na longitudo. Na msisahau alama ya kutoa: Kigoma mjini ni -4.88 na 29.63. Ukiacha hiyo alama, mwalo wako unatua Sudan Kusini, karibu na Maridi.

Rangi, kwa haraka: bluu na chungwa, siyo nyekundu na kijani, maana kuna wanaume wengi tu wasiozitofautisha. Chati duara ikizidi vipande vitatu iache, jicho linapima urefu wa nguzo vizuri kuliko pembe. Halafu chapa ukurasa mmoja kwa nyeusi na nyeupe, kwa sababu mkutanoni utatolewa fotokopi.

Kwa hiyo: kama unafanya kazi peke yako na unatoa taarifa ya kila mwezi, ichukue, hiyo ya bure inakutosha. Kama mko watu kumi mnaotaka kuiona kila siku, piga hesabu ya dola 140 kwa mwezi kwanza, na muijaribu Looker Studio ya Google, inayofunguka kwenye kivinjari na kushirikishana ni bure. Kwa watakaobaki na hii ya bure: ukurasa unakuja umelala. Ugeuze usimame, uwe pikseli 720 kwa 1280, maandishi yasipungue saizi 16, toa PDF, tuma kwenye kundi la WhatsApp. Mtu aliyeko mwaloni Kibirizi ataisoma kwenye simu bila kukuza.