Chumbe kwa ajili ya paa nunga, sio samaki

Ukitaja Chumbe, kile kisiwa kidogo karibu na Unguja, watu wote wanawaza matumbawe na kuogelea tu, mimi juzi nilikwenda na mdogo wangu kwa ajili ya msitu, nikitaka kujua paa nunga, wale paa wadogo walio adimu, wanaendeleaje kule.

Baba yangu mtu wa Muyuni, kijiji cha hapa Unguja, ujanani walikuwa wakiwinda kwa mbwa na nyavu, wavu unatandazwa vichakani maweni, mbwa wanamkurupusha paa mpaka anajitia mwenyewe. Anasema paa wa kawaida bado anamuona, ila nunga hajamtia machoni miaka mingi. Na nunga huyu duniani yupo Unguja na mwambao wa Kenya basi, kwahiyo akiisha hapa sijui tutamtafuta wapi jamani. Mwisho wa miaka ya 1990 ndo wakaanza kupelekwa Chumbe wakitolewa Mnemba, kisiwa kingine kidogo cha hapa Unguja. Chumbe yenyewe imehifadhiwa tangu 1994, hakuna mbwa, hakuna mkata kuni, na maji ya kisima hamna kabisa lakini nunga hana shida, anajipatia kwenye majani na umande.

Sasa huduma. Boti tumepandia Mbweni, haikuchelewa, maboya wote tumevalishwa. Mtembezaji wetu mashallah anaujua msitu, hakutukimbiza. Mahali fulani akachutama akatoa majani makavu kwa mkono taratibu, chini kwenye kiudongo katikati ya mawe kuna alama ya kwato, ndogoo, kama mtu kabonyeza ncha za vidole viwili. Pembeni kinyesi cheusi kama mbegu za papai, bado kibichi. Mdogo wangu akaacha hata kuongea. Tukasimama pale kama dakika kumi hivi, tukasikia majani yanachakarika mara moja tu halafu kimya, hatukumuona.

Sijasikitika hata kidogo, ila yule jamaa wa mjini aliyetuuzia safari alituahidi kabisa kuwa "paa mtamuona, hilo halina wasiwasi", hii sio haki. Mnyama mwoga, anatembea asubuhi na jioni, jua la saa sita anajilaza kivulini, nyie mnafika saa nne mtamuonea wapi? Mtu aambiwe ukweli kabla hajatoa pesa yake. Ushauri wangu ombeni msitu uwe mwanzo, kuogelea baadae, na vaeni viatu vya kufunika mguu maana yale mawe yanakata kama wembe, mimi na makubadhi yangu nilipata tabu.

Kitu kimoja kinaniuma lakini. Kisiwa chote ni kama hekta 22, hapo wanaenea paa wangapi? Ni akiba tu ile. Kwao hasa ni huku kwetu Unguja, msitu wa Jozani na vichaka vya kusini na mashariki, na huku bado tunakata kuni na mkaa na kugawa viwanja kila siku, wanaohamishwa wakizaana watarudishwa wapi kama maweni yote yameshakuwa nyumba?

Jioni nikampigia baba nikamuelezea ile alama. Akaniuliza ilikuwa na upana gani, nikampimia kwa kidole, akasema huyo mkubwa, halafu akaniuliza boti inaondoka saa ngapi.